Nilikwenda Kuposa, Nikarudi Ndugu

Kama gazeti la wiki jana lilifungiwa jibini kabla hujalisoma, si neno. Nitakukumbusha mbio mbio, kisha tuendelee na balaa.

Mimi ni Blagota Jarević, mwalimu wa udereva hapa mjini Nikšić. Nilimpenda mwanafunzi wangu Perunika Gorunović, mfamasia, mwanamke pekee aliyewahi kuligongesha gari langu kwenye ukuta wa kituo cha polisi kisha akanilaumu mimi. Nikapanda kwao mlimani kuposa. Baba yake, Mzee Radule, hakuniuliza mshahara wala nyumba. Aliniuliza swali moja tu: "Wewe wa nani?"

Nikamtajia baba, babu, baba wa babu. Kufika wa nne nikaanza kukohoa.

"Hata farasi wa kununua sokoni namjulia mababu wengi kuliko hao," akasema. "Niletee saba kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Joji. La sivyo, binti yangu utakuwa unamwona kwenye picha."

Yaliyofuata mnayajua. Jiwe la kaburi la babu wa nne liliniangukia mguuni. Mbwa wa padri akaniuma mguu wa pili, ule uliokuwa mzima. Binamu yangu wa Melbourne alitema mate ndani ya kichupa, akayapeleka maabara, wakamjibu kwamba asili yake ni Balkani. Akanipigia simu akitukana, eti amelipa pesa kuambiwa jambo ambalo pua yake inalisema bure. Mwisho nikapanda hadi kwa Shangazi Stamena, mkongwe wa mwisho wa ukoo wetu, anayeishi kileleni na ng'ombe mmoja na redio. Na hapo ndipo tulipoachana: shangazi kaweka kikombe cha kahawa chini, kanikazia macho, kasema, "Mwanangu, sisi si akina Jarević."

"Shangazi, mbona kitambulisho ninacho mfukoni?"

"Kitambulisho kaandika mtoto wa juzi. Sisi ni akina Gorunović."

Kahawa ikanipalia. Nilikohoa mpaka ng'ombe akageuka kutazama.

"Gorunović wa wapi?"

"Kwani wako wangapi? Wa ng'ambo ya mlima. Wale wenye majivuno."

Sasa lazima ujue kwamba tangu nikiwa mtoto nilifundishwa kuwa jina la Jarević lilitokana na babu yetu mkuu, mwanamume mwenye nguvu kama beberu. Mwana wa beberu, ndiyo maana yake. Nimejigamba kwa beberu huyo shuleni, jeshini, na hata mbele ya askari wa barabarani. Nikamkumbusha shangazi.

Alicheka hadi akashika mbavu. "Nguvu za beberu? Nani kakwambia? Alimwiba!"

"Alimwiba nani?"

"Beberu, we mtoto! Huyo babu yenu aliitwa Vukola Gorunović. Kijana mwenye njaa, na mwaka wenyewe wa njaa. Ami yake alikuwa na beberu aliyefungwa ua wa nyuma, akingoja kuchinjwa sikukuu. Vukola akamtia begani. Ami akachukua bunduki. Kijana akavuka mlima mbio, risasi nyuma, beberu analia mgongoni, akaangukia kwa mjane mmoja huku kwetu. Mjane akamuuliza, 'Wewe nani?' Angetaja ukoo wake wangemfuata wamuue. Akajibu, 'Mimi ni yule mwenye beberu.' Basi. Jina lenu la fahari ndilo hilo."

"Na huyo mjane?"

"Akala nyama, akaolewa na mwizi. Ndiye bibi yenu, na alikuwa na akili kuliko ninyi wote."

"Mbona hakuna aliyenieleza?"

"Nani atamweleza mwanawe kwamba jina lake ni la wizi? Mama yako alijua, Mungu amrehemu. Kwa nini unadhani aliwasha mshumaa kila siku ya Mtakatifu Joji, ilhali kila ukoo una mtakatifu wake, na wetu ni Nikola? Yule Joji ni wa akina Gorunović. Ni wa kule tulikotoka."

"Mimi nilidhani umeme umekatika."

"Aliyekatika ni wewe," akasema shangazi, akajimiminia kahawa nyingine.

Nikahesabu kwa vidole. Tomo, Jagoš, Milija, Šćepan, Periša, Bajo. Na Vukola. Saba! Nilimbusu shangazi, nikamkumbatia ng'ombe, nikashuka mlima nikiimba. Ningalitulia kidogo tu, ningaliona shimo lililokuwa mbele yangu, lakini furaha nayo ni kipofu kama mapenzi.

* * *

Nilimkuta Mzee Radule mezani, anakata nyama iliyokaushwa kwa moshi, vipande vyembamba kama karatasi. Perunika alikuwa dirishani. Bibi Jaglika, mama yake Radule, alikuwa jikoni anakoroga uji wa mahindi na jibini. Nikasimama wima kama mtoto wa shule anayesema shairi.

"Mimi ni Blagota, wa Tomo, wa Jagoš, wa Milija, wa Šćepan."

"Umepata wa nne," akasema Radule. "Mguu unaendeleaje?"

"Wa Periša. Wa Bajo." Nikavuta pumzi. "Wa Vukola."

Kisu kikasimama juu ya nyama.

"Vukola gani?"

"Vukola wa beberu."

Jikoni mwiko ukaanguka. Perunika akageuka taratibu, uso umempauka. Mimi sikujua, ningejuaje, kwamba katika nyumba hiyo jina la Vukola ni methali. Mtoto akiomba kitu kisichowezekana huambiwa, "Utakipata siku Vukola atakaporudisha beberu." Perunika alipomwambia baba yake anataka kujifunza gari, alijibiwa hivyo hivyo.

Radule akainuka. Mtu mrefu yule, mabega kama mlango wa kanisa. Nikatazama mlango, nikatazama kisu, nikaona mlango uko mbali zaidi.

"Rudia," akasema.

"Vukola. Aliiba beberu wa ami yake, akavuka mlima, akaoa mjane. Sisi ni watoto wake. Mzee, samahani kwa beberu."

Radule akanirukia. Nikafumba macho. Alichofanya ni kunikumbatia mpaka mgongo ukalia.

"Ndugu yangu!" akapaza sauti. "Mama! Amerudi! Damu yetu imerudi!" Machozi yanamtiririka kwenye masharubu. Akanimiminia rakija, ile pombe yetu kali ya matunda, nikaimeza, ikaniunguza mpaka kisogoni. Akanimiminia nyingine. Akashusha bunduki ukutani, akafyatua mbili hewani kupitia dirishani, kuku wa jirani wakahama kijiji.

"Sikukuu utakaa mkono wangu wa kuume. Ukoo wote utakuwapo. Mzee Vidak, mkubwa wetu, mwenyewe atakukatia mkate, uwe wetu mbele ya watu. Na beberu wetu umlete!"

"Nitamleta, mzee. Nitaleta hata wawili." Nilikuwa nimelewa rakija na ushindi. "Kwa hiyo sasa, kuhusu posa yetu..."

"Posa gani?"

"Ya Perunika."

Akanitazama kama mtu aliyesikia mbwa akiongea.

"Blagota, una homa? Tangu lini mtu anamposa dada yake?"

Nikaweka glasi mezani.

"Lakini mzee, ni vizazi saba!"

"Hata kumi na saba. Gorunović haoi Gorunović. Haijatokea, na haitatokea mimi nikiwa hai. Damu ni damu." Kisha akanipiga bega, kwa upendo kabisa, na hapo ndipo paliponiuma zaidi. "Usijali. Tutakutafutia mke mzuri. Sasa una ukoo mzima wa kukutafutia."

* * *

Perunika alinivuta hadi nje, nyuma ya gari.

"Umefanya nini wewe?"

"Nimeleta saba. Si ndio aliowataka?"

"Na nani alikutuma ufike mwisho? Si ungemzulia!"

"Nizue babu?"

"Blagota, nchi nzima inazua! Kila mtu hapa babu yake alikuwa shujaa. Umeshawahi kukutana na mjukuu wa mwoga? Hata mmoja? Wao walikwenda wapi, walikufa bila watoto?"

Akakaa juu ya boneti, akafunika uso kwa viganja. Nikadhani analia. Kumbe anacheka, kisha kweli akalia, kisha vyote kwa pamoja.

"Padri atatufungisha," nikasema. "Kanisa halihesabu mpaka saba."

"Padri ndiyo. Baba je? Ataenda kukaa nyuma ya nyumba, ataugeuzia mgongo mlango nitakaotokea, na hatageuka tena mpaka tumzike. Unamjua. Nami sina ndugu wa kumwachia. Ni mimi na bibi tu."

"Basi tukimbie."

Nililisema mwenyewe, na mwenyewe nikalijutia. Akanitazama kwa macho mekundu.

"Ukoo wenu si ulishakimbia mara moja? Ona tulipofika."

Akashuka kwenye boneti, akanifunga kifungo cha koti kilichokuwa kimefunguka. "Usinilazimishe nichague kati yenu. Nikikuchagua wewe nitakuchukia kila sikukuu. Nikimchagua yeye nitamchukia siku zote zilizobaki."

Akaingia ndani. Nikabaki na gari, ambalo halikuwa na neno la kuniambia.

"We mwizi wa mbuzi!" Sauti ilitoka kwenye kibanda cha maziwa. "Njoo unishikie ndoo."

Bibi Jaglika alikuwa ameketi kwenye kigoda, kitambaa cheusi kichwani, mikono yake midogo ikikamua jibini ndani ya kitambaa cheupe. Alinionyesha ndoo iliyopinduliwa. Nikakaa.

"Unampenda mjukuu wangu?"

"Sana, bibi."

"Hata anavyoendesha gari?"

"Hapo naomba Mungu anisaidie."

Akacheka kidogo, kisha akaacha. Akakamua jibini hadi maji yakakoma kudondoka.

"Mimi niliapa kwa marehemu mume wangu, juu ya mkate na chumvi, kwamba kuna neno moja sitamwambia mtu yeyote wa ukoo wa Gorunović. Sijalisema. Hata mwanangu sijamwambia. Wewe ni mtu wa ukoo?"

"Mzee Radule anasema ni ndugu yake."

"Radule anasema. Lakini hujakatiwa mkate. Mpaka mkate ukatwe, wewe ni mgeni wa kunishikia ndoo tu. Mgeni sikuapa kumnyima." Akanisogelea. "Nilikuwa mjane huko Belgrade. Mume wangu wa kwanza aliangukiwa na magogo kazini, nikabaki na mimba kubwa. Novak Gorunović alikuwa fundi wa matofali mtaa ule ule. Alinioa nikiwa na kichanga mikononi. Tulipopanda mlimani, ukoo wote umesimama barabarani, alimchukua mtoto akamwinua juu, akasema, 'Huyu ni wangu. Mwenye swali atabaki bila meno.' Hakuna aliyeuliza."

Nilihisi ndoo inazunguka chini yangu.

"Kichanga hicho..."

"Ndiye huyo anayepiga bunduki dirishani na kusema damu ni damu."

Nje Radule alikuwa akimpigia simu mtu, akipaza sauti kwamba Vukola amerudi.

Nikaanza kuelewa polepole, kama mwanafunzi wangu anayetafuta gia ya kurudi nyuma. Radule si Gorunović. Basi Perunika si Gorunović. Katika nyumba nzima ile, Gorunović wa damu alikuwa mmoja tu, naye alikuwa amekaa juu ya ndoo.

"Bibi! Basi naweza kumwoa!"

"Unaweza. Ukilisema." Akafunga jibini lake vizuri. "Lakini ujue na hili. Sikukuu hii Vidak anamkabidhi Radule kisu cha mkate. Atakuwa mkubwa wa ukoo. Ameungoja mkate huo tangu alipoota ndevu. Hajui kitu. Ukilisema mbele yao, atakipata cheo na kukipoteza kwenye pumzi moja, na watu watakumbuka kila alilowahi kuwaambia kuhusu damu. Na si machache."

"Kwa nini basi unanitwika mimi?"

"Kwa sababu ulimi wangu umefungwa na wako haujafungwa. Na kwa sababu nataka kujua mjukuu wangu anaolewa na mtu wa namna gani." Akanipa kipande cha jibini, kama unavyompa mtoto aliyechomwa sindano. "Kula. Umepauka."

* * *

Asubuhi ya sikukuu nilinunua beberu. Muuzaji aliniapia kwamba ni mpole. Nilimtia kwenye kiti cha nyuma cha gari la mafunzo, na kabla hatujatoka mjini alikuwa ameshakula mkanda wa usalama. Askari akanisimamisha. Akatazama kibao cha mwanafunzi juu ya paa, akatazama beberu.

"Huyu ndiye mwanafunzi?"

"Ndiye."

"Anaendeleaje?"

"Vizuri kuliko wengi."

Akaniachia. Mimi sikucheka. Njia nzima nilikuwa nasema na nafsi yangu. Sema, ni haki yako. Hukudanganya, hukuiba; aliyeiba ni Vukola. Kisha sauti nyingine: na yule mzee je? Kisha ya kwanza tena: na Perunika je?

Nilipofika, ua ulikuwa umejaa akina Gorunović wa kila ukubwa. Walimpokea beberu kwa shangwe, wakampigia makofi kama bingwa wa ndondi. Wanawake walinibusu, wanaume walinipiga mgongo. Mtu mmoja nisiyemjua alinipapasa pua akatangaza kwamba hiyo ni pua yao halisi, angeitambua hata gizani.

Radule akanishika mkono, akanitenga kando ya ghala la nyasi. Alivaa shati jeupe na kizibao cha baba yake, kile kilichodariziwa kwa uzi wa dhahabu.

"Nataka kukwambia neno kabla hatujaingia," akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini, sikuwa nimewahi kuisikia hivyo. "Mimi nilizaliwa peke yangu. Sina kaka, sina dada. Hapa kijijini kila mtoto alikuwa na kaka wanne. Wakinisukuma, nilikuwa nawaambia, 'Ngojeni, nitamwita kaka yangu.' Walikuwa wanacheka. 'Kaka yako gani, Radule?' Nami nilikuwa nasema, 'Yuko ng'ambo ya mlima.'"

Akajifuta masharubu kwa mgongo wa mkono.

"Na kumbe ulikuwa huko kweli."

Sasa niambie wewe unayesoma. Baada ya maneno hayo, wewe ungeweza? Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake, kwa bunduki yake, hata kwa mbwa. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa. Neno la Bibi Jaglika lilinishuka kooni kama jiwe, likakaa.

Tukaingia. Meza ilitoka ukuta hadi ukuta: ngano iliyochemshwa na asali, mwanakondoo, jibini, divai nyekundu, na katikati mkate mkubwa wa mviringo wenye msalaba juu yake, mshumaa unawaka kando. Padri alibariki, akakaa, akaanza kukwepa macho yangu kwa sababu ya mbwa wake. Mzee Vidak, mkubwa wa ukoo, mdogo wa mwili na mkavu kama kijiti, alisimama na kisu.

"Ukoo wetu," akasema, "ulikuwa na tundu moja. Vukola. Leo tundu limezibwa. Kabla sijamkatia mkate, na kabla sijamkabidhi Radule kisu hiki, aliyerudi aseme neno."

Nikasimama, glasi mkononi. Perunika alikuwa mbele yangu, anakunja kitambaa cha meza, anakikunjua, anakikunja. Hakuwa na habari ya kilichokuwa ulimini mwangu. Bibi Jaglika alinitazama kama mtu anavyotazama maziwa yaliyo motoni.

"Mimi nilikuja katika nyumba hii kutafuta mke," nikasema.

Wakacheka. Mtu akapiga mluzi.

Neno lilikuwa pale pale. Lilitaka kutoka lenyewe. Nikamtazama Perunika, Mungu anajua nilivyomtazama. Kisha nikahisi mkono mzito umenishika kiwiko kutoka upande wa kushoto kwangu, mkono wa Radule.

"Nimepata kaka," nikasema.

Meza ikalipuka. Glasi zikagongana, watu wakasimama, mtu akaanza wimbo akakatishwa. Radule alilia waziwazi. Nami nikashika mkono wake ili tuushike mkate pamoja kama desturi inavyotaka, na sauti yangu ilipokatika wote walidhani ni furaha.

Perunika hakudhani. Aliweka kitambaa mezani, akainuka, akaanza kwenda mlangoni bila kumtazama mtu.

"Radule." Sauti ilitoka mwisho wa meza, ndogo na kavu. Bibi Jaglika alikuwa amesimama. "Mwanangu, kaa chini. Nina neno."

Katika nyumba ile hakuna mtu aliyekuwa amemwambia Radule akae chini tangu alipokuwa na meno ya utoto. Watu wakanyamaza mmoja mmoja. Perunika akasimama mlangoni.

Radule hakukaa. Furaha ilimtoka usoni taratibu, kama maji yanavyotoka kwenye beseni.

"Mama, usiseme."

"Nitasema. Niliapa, na Mungu na marehemu watanisamehe. Mtu huyu amenishinda kwa uungwana, na mimi ni mzee mno kushindwa..."

"Mama!" Kisha akashusha sauti. "Usiseme. Najua. Baba aliniambia mwenyewe, siku alipokata roho."

Bibi Jaglika akaweka mkono mdomoni. Miaka yote ile, mama akimficha mwana na mwana akimficha mama, jambo lile lile, chini ya paa moja.

Nami nilikuwa bado nimeushika mkono wa mzee. Ulikuwa wa baridi. Alijua! Siku niliyotaja Vukola alijua. Aliponiambia dada haposwi, alijua. Pale kando ya ghala, alijua. Sikujua nimchukie au nimkumbatie.

Mzee Vidak ana umri mkubwa, lakini masikio yake ni ya sungura. Akakilaza kisu kando ya mkate, polepole, bila kuukata.

"Unajua nini, Radule?"

Radule alimtazama mama yake, akautazama mshumaa, kisha macho yake yakavuka vichwa vyote hadi mlangoni.

"Perunika, mwanangu, rudi. Njoo usimame hapa, karibu nami."

Akanigeukia. "Na wewe Blagota, achia mkono wangu. Nikishalisema hili, sijui kama tutakuwa bado ndugu."